Barabara Iliyojengwa Barabara

Inaelezwa rasmi, katika waraka uliotiwa saini na Mkurugenzi na kupigwa mhuri mara mbili ili asitokee wa kusema hakuuona, kwamba mfanyakazi yeyote wa kituo hiki cha televisheni atakayekuwa na shaka juu ya namna ya kutamka neno lolote atamwuliza Mtangazaji Mkuu kabla ya kwenda hewani. Na kwamba jibu atakalopewa na Mtangazaji Mkuu ndilo litakalohesabiwa kuwa sahihi.

Waraka huo haukuzuka hivihivi. Ulitoka baada ya msomaji wa habari za kilimo, aliyesukumwa kwenye habari za siasa kwa dharura, kuwaita wagombea wote wa ubunge "migomba". Baadhi ya wagombea walipiga simu kulalamika. Inasemekana mmoja alipiga kushukuru, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kutajwa hewani.

Mtangazaji Mkuu aliutia waraka fremu, akautundika nyuma ya kiti chake katika chumba cha habari, mahali ambapo mtu hawezi kumsalimia bila kuusoma. Watu walimwita Saa Mbili, kwa sababu ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ambayo alikuwa ameisoma muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya watazamaji waliamini ni saa mbili inayomfuata yeye. Sokoni, muuza nyanya alipomwona mchana alishtuka, kama mtu aliyeona mwezi umetoka adhuhuri.

Alianzia redioni, kwenye matangazo ya vifo. Aliyasoma vizuri mno. Zilikuwapo familia zilizoahirisha tangazo lao hadi zamu yake ifike, ili marehemu wao aage kwa sauti inayoeleweka. Televisheni ilipokuja, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukaa mbele ya kamera. Mwenyewe husema alichaguliwa kwa sauti. Wenzake wa wakati ule waliobaki husema alichaguliwa kwa koti, kwani ndiye pekee aliyekuwa nalo.

Alikuwa na mazoea mawili yaliyojulikana nchi nzima. La kwanza, kila alipomaliza taarifa alikusanya karatasi zake, akazigongagonga mezani mpaka zikalingana, akainua macho na kusema, "Na hizo ndizo habari zetu." Karatasi zile hazikuwa na kitu. Habari zilikuwa zikipanda zenyewe kwenye kioo mbele ya kamera, na karatasi zilikuwa tupu kama zilivyotoka dukani; lakini alizigonga kwa uzito wa mtu anayefunga kesi ya mauaji.

La pili lilikuwa neno "barabara". Kama msomaji ajuavyo, maneno haya ni mawili yaliyovaa nguo moja. Ukikaza ile ba ya pili, ba-ra-BA-ra, ni njia ya magari. Ukikaza ile ra ya kwanza, ba-RA-ba-ra, ni vizuri, sawasawa, bila walakini. Kwenye maandishi hayatofautiani hata kidogo. Kinywani mwa Saa Mbili yalitofautiana kama usiku na mchana. Mpiga kamera mzee anakumbuka kipindi kizima cha ujenzi kilichorudiwa upya kwa sababu mhandisi mmoja alikaza pasipokazwa. Katika lugha nzima hakuna neno alilolipenda Saa Mbili kuliko hilo, na ni vizuri msomaji alikumbuke hilo, kwa kuwa ndilo alilokuja kulichinja kwa mkono wake.

Maana Saa Mbili alikuwa na kijicho. Hakuwa nacho cha hapa na pale, kama sisi wengine. Chake kilikuwa cha kudumu, kama mtu mwenye pumu. Alimwonea wivu mtabiri wa hali ya hewa, kwa kuwa husimama na kutembea. Alimwonea wivu mkalimani wa lugha ya alama aliyekaa kwenye kiduara pembeni mwa skrini, kwa kuwa, alisema, mtazamaji akishachoka na uso humalizia jicho kwenye mikono. Akaomba kiduara kipunguzwe. Kikapunguzwa. Viziwi wakalalamika kwa maandishi, kikarudishwa, na kwa juma zima Saa Mbili alisoma habari huku amekigeuzia kiduara bega.

Hayo yote yalikuwa mazoezi tu. Kisha akaja Saa Saba.

Alikuwa binti aliyesoma taarifa fupi ya saa saba mchana, taarifa inayotazamwa na wagonjwa, wastaafu, na mafundi wanaosubiri gundi ikauke. Alisoma kama mtu anayekuhadithia jambo lililomtokea jirani. Hakukaza uso. Bei ya unga ikipanda, ulimwona na yeye ananunua unga. Mlinzi wa getini, ambaye kwa Saa Mbili aliinua kidole kimoja, kwa Saa Saba alisimama wima na kuulizia mafua yake. Mpambaji alimpaka Saa Mbili poda kama anayepiga ukuta lipu. Kwa binti alitumia brashi ndogo na akapiga mluzi. Saa Mbili aliyaona yote hayo. Kazini kwake hakuwa akitazama kingine.

"Shikamoo, baba," binti alimwambia kila alipoingia.

"Marahaba," alijibu, na neno hilo moja alilitamka kwa usafi ambao ungemtia mtu baridi.

Nyumbani mambo hayakuwa nafuu. Mkewe, aliyemwita Baba Watoto mbele za watu na Bwana Habari wakiwa wawili, alikuwa ameanza kuacha vyombo kwenye beseni ifikapo saa saba.

"Huyu mtoto ana kitu," alisema siku moja, mkono shavuni. "Anasoma mpaka unasahau kwamba ni habari."

"Habari si kitu cha kusahau," alisema mumewe.

"Basi usinune. Wewe tunakuheshimu."

Kuna maneno ambayo mke hatakiwi kumwambia mume aliye kwenye fani, na hilo la "tunakuheshimu" liko karibu sana na juu. Saa Mbili alikwenda chumbani, akasimama mbele ya kioo cha kabati na kujaribu kusoma bei ya unga kama mtu anayeinunua. Alionekana kama mtu anayeipandisha.

Ikabaki siku moja kabla ya uzinduzi wa barabara mpya. Mkurugenzi, mtu mnene mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo lisilopendeza, alimwita ofisini na kuivua.

"Mzee wangu, kesho pumzika. Binti asome ya saa mbili."

"Nimeumwa?"

"Hapana, hujaumwa. Tunataka kuona tu sura mpya inavyokaa kwenye kile kiti. Majaribio. Ikikaa, tutajua la kufanya. Isipokaa, kiti ni chako mpaka kitakapovunjika chenyewe."

Saa Mbili alielewa. Amesoma matangazo ya serikali maisha yake yote. Anajua "majaribio" maana yake nini. Kiti kile, chenye mkono mmoja uliobanduka rangi mahali anapoegemeza kiwiko chake cha kushoto, kilikuwa kimeshawekwa kwenye mizani. Usiku ule alilala chali. Mkewe akamwuliza kama anaumwa, na hiyo ikawa mara ya pili siku ile kutajwa ugonjwa asiokuwa nao.

Siku ya pili alikwenda kazini hata hivyo. Alasiri, akiwa amekaa chini ya waraka wake akipanga karatasi zake tupu, Saa Saba alikuja na maandishi mkononi.

"Shikamoo, baba. Samahani, nakusumbua."

"Marahaba. Sema."

"Kuna hapa." Akaweka karatasi mezani na kuonyesha kwa ukucha. *Waziri amesema barabara hiyo imejengwa barabara.* "Ya kwanza sina wasiwasi nayo. Hii ya pili ndiyo inanikwaza. Bibi yangu alikuwa akisema ba-RA-ba-ra, anakaza kule mwanzo. Lakini vijana wote humu ndani wanasema kama ile ya magari. Nikaona badala ya kubahatisha nije kwa mwenyewe."

Saa Mbili alitazama ukucha ule. Ulikuwa mfupi, msafi, haukupakwa rangi. Nafsi yake ilimwambia kwamba bibi wa binti huyu lazima alikuwa mtu wa maana sana. Ilimwambia pia kwamba katika watu wote wa jengo lile, huyu ndiye wa kwanza kuja kumwuliza swali zuri. Na papo hapo, bila kupumua, ilimwambia kwamba mtu anayeuliza swali zuri namna hii akishakaa kwenye kile kiti hatainuka tena.

"Bibi yako ni mtu wa wapi?" aliuliza.

"Alishafariki, baba."

"Mungu amrehemu. Hiyo ni ya kizamani." Alisema kwa sauti nyepesi, kama anayemwazima mtu kalamu. "Hewani tunazisoma zote sawa. Kaza ba ya pili. Zote mbili."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Binti aliinua macho juu ya kichwa chake, akausoma waraka, au labda aliangalia saa ya ukutani. Kisha akasema, "Asante sana, baba. Ningeaibika." Akaondoka akitamka polepole, ba-ra-BA-ra, ba-ra-BA-ra, kama mtoto anayetumwa dukani.

Saa Mbili aliwahi kurudi nyumbani jioni ile, jambo ambalo halikuwahi kutokea mtaani. Mkewe alifungua mlango na kijiko mkononi.

"Wamekufukuza?"

"Nimepumzika."

"Umepumzika na tai?"

Alikaa nayo hivyohivyo, ile tai, mbele ya televisheni yake mwenyewe, akajikuta hajui mtu huweka wapi mikono anapotazama habari. Muziki wa kufungulia ukapigwa. Saa Saba akatokea, kwenye kiti chake, kiwiko cha kushoto kimeegemea palepale palipobanduka. Wivu ulimpanda kwanza kwa ajili ya kile kiwiko. Ndipo akatulia. Alijua kilichokuwa kinakuja. Alijua nchi nzima itasikia Waziri akisema barabara imejengwa njia ya magari, na wazee wataguna, na walimu watapiga simu, na kesho Mkurugenzi atavaa miwani yake.

"Waziri amesema," binti alisoma, "barabara hiyo imejengwa..."

Hapo akasita. Ilikuwa ni shaka tu, kana kwamba bibi yake alimvuta nguo kwa nyuma. Kisha akatii.

"...ba-ra-BA-ra."

Mkewe aliangua kicheko mpaka akashika mguu wa meza.

"Hee! Umemsikia? Imejengwa barabara! Maana ile ya zamani ilijengwa shimo!"

Ukuta wa pili, kwa jirani, walikuwa wanacheka. Ng'ambo ya uchochoro walikuwa wanacheka. Saa Mbili alijikaza kisabuni.

"Amekosea," alisema.

"Amekosea wapi? Kamchoma Waziri mchana kweupe, na uso mkavu! Ungeweza wewe?"

Kufika asubuhi neno lilikuwa mitaani. Kondakta alilisema, muuza maji akalipokea. Watu waligundua kwamba lugha yao ilikuwa na pengo, na pengo hilo sasa limezibwa. Chai nzuri ilikuwa "imepikwa chai". Suruali isiyobana ilikuwa "imeshonwa suruali". Muuza nyanya, aliyekuwa akishtuka kumwona, safari hii hakushtuka. Alimwambia, "Mzee, chukua hizi, zimelimwa nyanya," akacheka peke yake. Hata Waziri mwenyewe, badala ya kukasirika, alisema mbele ya vyombo vya habari kwamba ndiyo, serikali yake inajenga barabara barabara, akakaza ba ya pili mara zote mbili na kupigiwa makofi.

Saa Mbili aliingia kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi.

"Kuna kosa limefanyika hewani."

Mkurugenzi alikuwa amevaa miwani na anatabasamu, mambo mawili ambayo hayakuwa yakienda pamoja. "Kosa gani, mzee wangu?"

"Barabara ya pili. Haitamkwi vile. Ni kosa, na kosa la wazi. Mtu wa saa mbili hawezi kukosea vile."

"Aa." Mkurugenzi akafikiri. "Lakini waraka si uko? Kwani hakukuuliza?"

Ilikuwa rahisi sana kusema hakuniuliza. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Nauliza tu," Mkurugenzi aliendelea, "maana binti alikuja hapa asubuhi na mapema. Nikampongeza, akakataa pongezi zangu. Anasema ni wewe. Anasema yeye alitaka kusoma kwa njia nyingine, ukamwonyesha. Alikusifu mpaka nikaona aibu kwa niaba yako, mzee. Sasa unaniambia ni kosa?"

Saa Mbili alitazama zulia. Alikuwa na njia mbili, kama lile neno lenyewe. Aseme ni kosa, basi alimdanganya mtoto wa watu kwa sababu ya kiti. Aseme si kosa, basi amelizika neno lake kwa sauti yake.

"Si kosa," alisema.

"Ndivyo nilivyodhani. Ila mzee wangu, unajua kunistaajabisha?" Mkurugenzi akavua miwani. "Ningekuwa mimi nisingeweza. Nina mtu anataka kiti changu, na nimpe mbinu ya kukipata? Hapana. Wewe una moyo. Sasa urithi umeshamkabidhi mwenyewe, mimi nina haja gani ya kuusumbua? Binti akae pale moja kwa moja. Wewe tutakuita Mshauri wa Matamshi."

"Nitashauri nini?"

"Watu watakuja kukuuliza. Si uko waraka?"

Alipotoka, Saa Saba alikuwa akimsubiri kwenye korido. Macho yalikuwa yamemlowa. Akamshika mikono yote miwili.

"Baba, sijui nikushukuru vipi."

Hakuna adhabu iliyowahi kutungwa inayofikia kushukuriwa vile. Alitafuta usoni mwake hata chembe ya kejeli, hata kifundo kidogo cha mtu anayejua alilotendewa; angekiona, angefarijika. Hakikuwepo kitu. Alimwonea wivu hata huo moyo mweupe, kwa kuwa yeye hakuwahi kuwa nao, wala hakumbuki kuuhitaji.

"Kaa vizuri pale," alimwambia. "Usiegemee sana kushoto."

Jioni ya kukabidhi hapakuwa na sherehe, kwa kuwa taarifa ya habari haina nafasi ya sherehe. Alimpa karatasi zake. Binti akazipokea kwa mikono miwili, akazipekua moja baada ya nyingine, akageuza upande wa pili.

"Baba, hazina kitu."

"Hazijawahi kuwa na kitu."

"Kumbe!" Akacheka, si kwa ubaya. Akazitia kwenye droo, akasoma taarifa yote na mikono yake mitupu mezani, na alipomaliza akasema tu, "Haya, tulale salama." Saa Mbili alikaa nyuma ya kamera akisubiri watazamaji wapige simu kuuliza karatasi ziko wapi. Simu ilipigwa moja. Mtu aliuliza binti amenunua wapi hereni.

Sasa ni Mshauri wa Matamshi. Waraka bado uko nyuma ya kichwa chake, na kioo cha fremu hufutwa na mfagizi kila anapokumbuka. Mwanzoni vijana walikuja. Walipouliza "barabara", naye, akiwa hana tena kiti cha kulinda, aliwaambia ukweli: mnakaza ra ya kwanza. Walimshukuru kwa adabu, wakaenda kwenye meza ya Saa Saba kuthibitisha. Saa Saba aliwaambia mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha vingine, labda leo amechoka, msimsumbue. Akamletea chai. Ilikuwa imepikwa chai.

Wiki iliyopita alikwenda kunyoa. Kinyozi wake wa siku zote alikuwa amesafiri, akamkuta kijana mgeni mwenye mkono mwepesi na maneno mengi. Kazi ilipokwisha, alijitazama kwenye kioo, huku na huku, akaridhika, na kwa kuwa palikuwa hapana mtu mwingine, alilitoa neno lake kama mtu anayetoa saa ya dhahabu mfukoni.

"Umeninyoa ba-RA-ba-ra."

Kijana alisimamisha brashi ya kupangusia nywele. Alisema mzee amsamehe, si kwamba anamkosoa, lakini siku hizi neno hilo halitamkwi hivyo. Linakazwa ba ya pili. Kisha akamfungua kitambaa shingoni, akakikung'uta, na kumshauri kwa upole kwamba, kama nyumbani kuna televisheni, awe anajitahidi kutazama taarifa ya saa mbili.